Taa ya TRC imewaka na haizimi: soma kwanza taa zilizowaka pamoja nayo

Mwishoni mwa Oktoba, vumbi la Dodoma likiwa limepamba moto, mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea Toyota Vanguard kutoka Kondoa. Kwenye dashibodi zilikuwa zinawaka taa tatu: TRC (ya kuzuia magurudumu yasiteleze ukikanyaga mafuta), VSC (ya kulishika gari kwenye kona) na ABS (ya kuzuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki). Karakana aliyopitia kwanza ilimshauri anunue pampu ya ABS ya mtumba. Akanunua, ikafungwa, breki zikatolewa upepo, na taa zikabaki vilevile. Nilipiga jeki nyuma kushoto, nikafuata waya wa sensa kwa vidole mpaka pale unapopinda kuingia kwenye bodi. Nilipouvuta kidogo tu, ukalegea kama uzi. Shaba ilikuwa imekatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Kuunga waya na kuufunga upya vizuri hakukuzidi saa moja. Pesa ya pampu haikurudi.

Naandika haya kwa ajili ya watu kama mwalimu yule, wenye magari wa Dodoma, Singida na vijiji vya kati, ambao taa hii ikiwaka hutajiwa majina ya spea kabla boneti halijafunguliwa. Ombi langu ni moja: usinunue chochote mpaka ujue gari lenyewe limeandika nini kwenye kumbukumbu yake. Na hata kabla ya hapo, angalia ni taa gani nyingine zimewaka. TRC ikiwaka peke yake haisemi mengi. Ikiwaka na wenzake, inakuonyesha upande wa kwenda.

Mfumo huu unafanya kazi gani

Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko yake. Kompyuta ya ABS inalinganisha magurudumu yote manne muda wote. Ukikanyaga mafuta juu ya changarawe na gurudumu moja la kuvuta likazunguka haraka kuliko mengine, kompyuta inajua limekosa mshiko. Inapunguza nguvu ya injini na kulishika breki gurudumu hilohilo mpaka liende sawa na wenzake. Toyota wanaiita TRC, na VSC ni ndugu yake anayelizuia gari lisipotee njia kwenye kona. Nissan na Subaru wanaandika VDC, Honda VSA, Mazda DSC. Alama yake kwa kawaida ni gari dogo lenye mistari miwili iliyopinda nyuma yake, kama alama za tairi lililoteleza.

Jambo la kushika hapa ni kwamba TRC haina viungo vingi vya kwake. Inaazima sensa na pampu za ABS, inaazima injini ili ipunguze nguvu, na kwenye magari yenye VSC inaazima pia sensa ya usukani ili ijue dereva anataka kuelekea wapi. Yeyote kati ya hao akiugua, TRC inaacha kazi na taa inawaka. Ndiyo maana kosa la koili ya injini, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, linaweza kukuwashia taa ya kuteleza wakati umeegesha mbele ya nyumba.

Kabla ya kufungua chochote

Kwanza tazama kama taa inapepesa au imetulia. Ikipepesa kwa sekunde chache unapoondoka kwenye mchanga au lami yenye maji, kisha ikazima, gari halina ubovu. Mfumo unafanya kazi yake na unakujulisha. Nimepokea watu waliokuja na wasiwasi mkubwa kwa sababu hiyo tu, hasa mvua za kwanza za Desemba zinapoangukia lami yenye vumbi la miezi saba na barabara kuwa kama imepakwa sabuni.

Ikiwa imetulia na unaona neno OFF, tafuta kitufe. Mara nyingi kiko upande wa kushoto au kulia wa usukani, au karibu na gia. Mtoto hukibonyeza, muosha magari hukibonyeza kwa kitambaa. Kwenye Toyota nyingi, kubonyeza mara moja kunazima TRC peke yake, na kukishikilia sekunde kama tatu huku gari limesimama kunazima na VSC. Bonyeza tena, au zima injini uwashe upya. Taa ikizima, hakuna zaidi la kufanya.

Kitufe hicho kina kazi ya kweli kwetu. Ukikwama kwenye mchanga wa korongo, TRC itakuwa inabana nguvu ya injini kila gurudumu linapozunguka bure, na gari litaguna bila kusogea. Izime, toka taratibu, kisha iwashe ukifika kwenye ardhi ngumu isiyo na mchanga. Madereva wengi wa njia za mashambani hawajui hili, wanaishia kuita trekta.

Kama hakuna neno OFF na taa imetulia, sasa angalia jirani zake.

TRC pamoja na taa ya injini

Hii ndiyo hali inayowapoteza watu kuliko zote. Kwenye Toyota za miaka ya 2000 kuja huku, taa ya injini ikiwaka kwa kosa fulani, kompyuta ya injini inaiambia kompyuta ya ABS kwamba haiwezi kutegemewa kupunguza nguvu kwa usahihi. Basi TRC na VSC zinajitoa na taa zake zinawaka. Kwenye mashine ya kupimia, upande wa ABS utakuta namba ya hitilafu C1201, ambayo maana yake ni hitilafu katika mfumo wa injini. Ukiona C1201 peke yake upande wa ABS, hamisha macho yako kwenye injini. Magurudumu hayana kosa.

Upande wa injini nakutana sana na namba za kuanzia P0300 mpaka P0304 kwenye injini za silinda nne, yaani silinda inakosa moto. P0300 haitaji silinda moja. Nyingine zinaitaja kwa tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni P0302, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke kwenye ya tatu, endesha, kisha pima tena. Namba ikihamia P0303, umeshika mwizi, koili ni mbovu. Ikibaki P0302, angalia plagi, kisha injekta. Jaribio hili halikugharimu hata shilingi, na bado wapo watu wanaouziwa koili nne kwa mkupuo.

Nyingine ni P0171, mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli. Hapa Dodoma hitilafu hii ina mshirika wake, nalo ni vumbi. Kichujio cha hewa kikikaa vibaya kwenye boksi lake, au kikiwa cha bei ya chini ambacho ukingo wake haubani, vumbi linapita na kuganda kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa. Sensa inadanganyika inapima hewa pungufu, na kompyuta inatoa petroli pungufu. Isafishe kwa dawa maalumu ya kupuliza ya sensa ya hewa. Usiiguse kwa kidole wala kwa mswaki, na usiipulizie upepo wa kompresa kwa karibu. Kagua pia mpira mpana unaotoka kwenye boksi la kichujio kwenda kwenye injini. Ukipasuka upande wa chini hauonekani mpaka uuvute kwa mkono.

Tengeneza injini, futa namba, na TRC itazima yenyewe.

Kusoma namba za hitilafu

Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu ni vizuri, lakini vingi vinasoma namba za P tu, za injini. Matatizo ya magurudumu, breki na usukani yanaandikwa kwa herufi C. Mtu akikuambia "nimepima, gari halina kosa" huku TRC na ABS zinawaka, muulize mashine yake iliingia kwenye kompyuta ya ABS au iliishia kwenye injini. Swali hilo moja linaweza kukuokolea mshahara wa mwezi.

Kwenye Toyota nyingi kuna njia isiyohitaji mashine. Soketi ya kupimia iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva ina matundu 16 kwa safu mbili. Ukiitazama upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni 1 hadi 8 na ya chini ni 9 hadi 16, ukihesabu kutoka kushoto. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, kisha weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini. Taa ya ABS itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka kwa mfululizo bila kupumzika, hakuna namba iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara tatu, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Waya wako ukikosea njia na kulifikia utaunguza kitu. Kama mkono wako hautulii au mwanga ni hafifu, mwachie fundi.

Namba zenyewe kwa Toyota: 31, au C0200 kwenye mashine, ni sensa ya mbele kulia. 32, yaani C0205, ni mbele kushoto. 33, yaani C0210, ni nyuma kulia, na 34, yaani C0215, ni nyuma kushoto. 41, yaani C1241, ni umeme mdogo wa betri. 49, yaani C1249, ni saketi ya swichi ya breki, ile inayowasha taa nyekundu za nyuma ukikanyaga. Kulia na kushoto hapa ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele.

Hata hivyo, namba inayotaja sensa haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta haipati habari nzuri kutoka kona ile ya gari. Kati ya kompyuta na gurudumu kuna waya, soketi, sensa, pete inayozunguka na gurudumu na kusomwa na sensa, na beringi, na yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye mwenye kosa.

TRC pamoja na ABS: twende kwenye magurudumu

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na sababu ni ardhi yetu. Miezi ya kiangazi ni vumbi na mchanga, matuta hayaishi, halafu zinakuja mvua za miezi michache zinazojaza makorongo na kugeuza mbuga za Bahi kuwa tope linaloganda uvunguni kama saruji. Waya wa sensa unapita humo humo, nyuma ya gurudumu, ukipinda kila gari linaporuka tuta na kila unapokata kona.

Futa namba, kisha tazama taa inarudi lini. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Ikirudi mara tu unapoweka ufunguo kwenye ON, gari likiwa limesimama, tatizo ni la umeme wenyewe: waya umekatika, soketi imeachia, au sensa imekufa kabisa. Ikizima vizuri kisha ikarudi baada ya kutembea kidogo, tuseme unapopita spidi 20, basi umeme unafika ila habari ya mzunguko ni mbaya. Hapo shuku uchafu, pete iliyopasuka, beringi iliyolegea au sensa iliyokaa mbali. Ikiwaka ukipanda tuta au ukikata usukani mpaka mwisho, waya unakatika na kuungana. Ikiwaka baada ya mvua au kuosha gari, kisha ikazima baada ya jua la siku mbili, maji yanaingia kwenye soketi.

Dalili ya tano watu huiripoti kama ubovu wa breki. Unakaribia kusimama, spidi imeshuka mpaka 10 au chini, lami ni kavu, na ghafla pedeli inatetemeka mguuni na kunguruma kama unafunga breki kwenye barafu. ABS imedanganywa. Pete ya gurudumu moja ina ufa au kutu, au sensa ina uchafu, na habari yake inapotea kwenye spidi ndogo kabla ya wenzake. Kompyuta inadhani gurudumu limejifunga, inaachia breki. Dalili hii usiivumilie, kwa sababu gari linachelewa kusimama kwenye mita za mwisho kabisa, pale anaposimama mtu anayevuka barabara.

Sasa kazi ya mikono. Piga jeki, weka stendi, toa gurudumu. Usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fuata waya kutoka kwenye sensa mpaka soketi yake ndani ya bodi. Uguse inchi kwa inchi, upinde, uvute kidogo. Sehemu iliyokatika ndani huwa laini kuliko nyingine. Fungua soketi utafute kijani cha kutu. Angalia alama za meno pia: baada ya mavuno, magunia ya mahindi na alizeti yakiwa uani, panya huhamia kwenye magari yaliyoegeshwa, na nimetoa viota viwili juu ya tenki la mafuta kwenye gari moja.

Waya ukikatika usiusokote na kuufunga nailoni. Sehemu hiyo inacheza kila siku, na maungio yatakufa ndani ya wiki. Kata nyuma zaidi, mahali pasipopinda, piga solda, funika kwa mpira unaonywea kwa moto, kisha urudishe waya kwenye vishikizo vyake vyote. Nyaya mbili za sensa zikiwa zimesokotwa pamoja, zirudishe hivyohivyo, maana msokoto ule unazilinda na kelele za umeme wa gari.

Waya ukiwa mzima, chomoa sensa. Ikiwa imeganda kwa kutu, ilowanishe kwa dawa ya kulainisha kutu na usubiri. Ukiipiga nyundo utainunua. Ukiitoa, angalia uso wake. Sensa za zamani zina sumaku ndani, na hapa nakupa kitu cha kujaribu mwenyewe: chukua sumaku ya spika kuukuu, ipitishe kwenye mchanga wa korongo lolote la kwetu wakati wa kiangazi. Itatoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma. Chembe hizo hizo, pamoja na unga wa pedi na diski za breki, ndizo zinazojikusanya kwenye uso wa sensa mpaka unakuwa kama brashi. Futa kwa kitambaa, safisha na tundu inapokaa, rudisha. Magari yanayokwenda kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo na Makutupora nayafanyia hivi kila nikitoa magurudumu, hata kama taa haijawaka.

Kupima kwa mita kunataka uangalifu, kwa sababu kuna aina mbili za sensa. Ile inayosoma pete ya chuma yenye meno, iliyo kwenye shafti au habu, kwa kawaida ni koili tu. Ipime kwa ohm: nyingi zinasoma kati ya 800 na 2,000 au zaidi kidogo, na jambo la maana zaidi ni ilingane na mwenzake wa upande wa pili. Isiposoma kabisa, imekatika. Weka pia mita kwenye voti za AC, zungusha gurudumu kwa mkono. Namba inapaswa kupanda kadiri unavyozungusha haraka. Aina ya pili, ya magari mapya zaidi, ina umeme wake na inasoma utepe wa sumaku uliofichwa kwenye sili ya beringi. Hiyo usiipime kwa ohm. Weka ufunguo ON na uangalie kama umeme unafika kwenye soketi. Ukifika na waya ni wazima, mtihani uliobaki ni mashine ya kupimia.

Utepe ule wa sumaku umeshatesa watu wengi hapa mjini. Kwa macho ni mpira mweusi tu. Beringi ikibadilishwa na kuingizwa kinyume, sumaku inatazama upande usio na sensa, na gurudumu linakuwa bubu. Kabla ya kuingiza beringi mpya, gusisha pini nyembamba ya kubania karatasi pande zote mbili: upande unaoivuta ndio unaotazama sensa. Pande zote zikikataa kuivuta, umeuziwa beringi isiyo ya ABS. Vivyo hivyo kwa shafti za mbele: ipo yenye pete ya meno na isiyo nayo, zinafanana kwa kila kitu kingine. Taa ikianza kuwaka siku ileile uliyobadilisha beringi au shafti, usitafute mbali.

Beringi yenyewe ikichakaa inatikisa pete, na umbali kati ya pete na sensa hauwi mmoja. Shika gurudumu juu na chini ukitikise, kisha ulizungushe huku mkono mwingine uko kwenye springi. Beringi mbovu utaisikia kwenye springi kabla ya masikio.

Wenye mashine nzuri wafungue ukurasa wa spidi za magurudumu manne, waendeshe kwa kunyooka kwenye lami tulivu. Mimi huenda njia ya Nala asubuhi. Namba nne zinapaswa kupanda na kushuka pamoja. Inayoruka, au inayofika sifuri kabla ya wenzake unaposimama, ndiyo kona yako.

Ikiwaka na taa nyekundu ya breki pia

Simamisha gari mahali salama. Angalia kwanza kama breki ya mkono imeachiwa, kisha chupa ya mafuta ya breki. Ikiwa chini ya alama, ama pedi zimeisha sana au kuna uvujaji. Tazama ndani ya kila gurudumu. Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa Toyota nyingi DOT 3, na usithubutu kuweka oili ya injini au ya usukani, maana inavimbisha mipira yote ya breki.

Chupa ikiwa imejaa na bado ABS na BRAKE zinawaka pamoja, mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma umezimwa. Breki za kawaida zipo, lakini ukifunga ghafla magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema na gari likageuka. Nenda karakana ya karibu kwa mwendo mdogo. Safari ya kushuka mteremko wa Sekenke ahirisha. Hapa ndipo pampu, rilei yake na fyuzi yake kubwa vinapoingia kwenye orodha, na hata hapa anza na fyuzi, waya wa negativu na betri.

Betri ikipumzika iwe karibu voti 12.6, na injini ikiwaka alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, betri iliyochoka inashuka sana wakati wa kupiga stata, na kompyuta ya ABS ni miongoni mwa wanaolalamika mwanzo. Taa zote zikiwaka asubuhi tu na kupotea ukiwasha gari mara ya pili mchana, pima betri kabla ya kitu kingine.

Iliwaka baada ya kazi nyingine

Baada ya alaimenti, kubadilisha raki ya usukani au kuchomoa betri, shuku sensa ya usukani. Ukienda kwa kunyooka na usukani ukakaa upande, gari linaona dereva anakata kona wakati magurudumu yanasema njia imenyooka. Rekebisha alaimenti kwanza, usukani ukae sawa, ndipo sensa ziwekwe sifuri upya kwa mashine, gari likiwa mahali tambarare bila kutikiswa. Kwa Toyota, C1231 inaelekeza kwenye sensa ya usukani, wakati C1210 na C1336 zinadai tu kuwekwa sifuri. Sensa ya usukani isinunuliwe kwa ajili ya namba hizo mbili za mwisho. Baadhi ya magari baada ya kuchomoa betri yanahitaji tu kukata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, kisha kuendeshwa kwa kunyooka kidogo.

Baada ya kubadilisha matairi, soma namba ubavuni. Tairi la 185/65R15 jipya lina kipenyo cha milimita 621 hivi. La 195/65R15 lina karibu 634, tofauti ya asilimia 2. Lile dogo likiwa limelika milimita 6 za kashata, linapoteza milimita 12 za kipenyo, na tofauti inafika asilimia 4. Kwa kompyuta, gurudumu dogo linazunguka haraka kuliko wenzake muda wote, kama linaloteleza. Wanaonunua tairi moja moja la mtumba wafunge angalau mawili yanayofanana kwenye ekseli moja, na upepo uwe sawa.

Usikubali taa izimwe kwa ujanja

Kuna wanaotoa balbu, wanaobandika karatasi nyeusi, na wanaounganisha waya wa TRC na taa ya oili ili zizime pamoja. Gari linauzwa hivyo, na anayelinunua anaendesha familia yake kwenda Singida usiku wa mvua akiamini ana ABS. Ukitaka kununua gari, weka ufunguo ON na uhesabu: TRC, VSC na ABS lazima ziwake zote kwa sekunde chache kisha zizime. Isiyowaka kabisa inatia wasiwasi kuliko inayowaka.

Kuhakikisha kazi imekwisha

Futa namba kwa mashine. Kuchomoa betri mara nyingi hakufuti kumbukumbu ya ABS. Endesha angalau kilomita 10, ukipita spidi 40, ukikata kona kulia na kushoto, ukipanda matuta mawili matatu. Kisha tafuta barabara ya vumbi isiyo na watu, nenda spidi 30 na ufunge breki kwa nguvu mara moja. Pedeli inapaswa kutetemeka na gari kubaki kwenye mstari. Ondoka tena kwa kukanyaga mafuta kwenye mchanga mwepesi, na taa ya TRC ipepese kisha izime. Rudi, pima tena. Ikiwa ukurasa wa ABS hauna namba hata moja, mkabidhi mwenye gari ufunguo wake.